‘Risasi’ inayoficha sumu: Dawa hizi za saratani zipewe jina la kweli

Neno ‘risasi’ limekita mizizi katika habari zetu za matibabu ya saratani. Ikitajwa dawa mpya iliyoundwa kwa kuunganisha kingamwili na kemikali ya kuua seli, aghalabu utasikia kuwa ni ‘risasi inayolenga kansa pekee’. Wengine huongeza chumvi, eti haigusi kitu kingine mwilini. Hapo ndipo ninapotofautiana na waandishi wenzangu.

Siipingi sitiari yenyewe. Ina nasaba yake. Paul Ehrlich, tabibu Mjerumani aliyetunukiwa Nobel mwaka 1908, aliwaza juu ya ‘risasi ya ajabu’ ambayo ingekifuata kijidudu cha maradhi na kumwacha mgonjwa salama. Ehrlich alikuwa akieleza tumaini. Sisi tumelichukua tumaini hilo tukalifanya maelezo ya dawa ambayo tayari inatiwa kwenye mishipa ya watu.

Hebu tuitazame dawa yenyewe. Kingamwili ni protini yenye umbo la panda, kama ile ya manati. Mwili huitengeneza ili itambue na kushika vitu vya kigeni. Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, walionyesha jinsi ya kuzalisha maabarani kingamwili za aina moja tupu. Katika dawa ninazozungumzia, kingamwili kama hiyo hufungiwa sumu kali kwa kifungo cha kemikali. Huishika alama fulani juu ya seli, mathalani protini ya HER2 katika baadhi ya saratani za matiti. Seli huimeza. Humo ndani mzigo hufunguka na sumu ikaanza kazi.

Sasa, risasi gani humezwa? Kama ni lazima tupate sitiari, mvuvi wa Vanga angetupa iliyo bora: ndoana iliyotiwa chambo. Samaki huimeza mwenyewe. Na mvuvi huyo hawezi kukuapia kwamba samaki asiyemtaka hatakuja kuimeza pia.

Kwale naitaja kwa sababu. Katika miaka ya 1970, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iligharamia ukusanyaji wa takriban tani 27 za kichaka kiitwacho Maytenus buchananii kutoka Shimba Hills. Wadigo walikuwa wakikitumia kutibu maradhi yenye dalili za saratani. Kilichotafutwa ni maitansini, sumu iliyokuwa imetambuliwa kwanza katika mmea wa jamaa hiyo hiyo kutoka Ethiopia. Wagonjwa walipopewa sumu hiyo peke yake, iliwaumiza kupita kiasi, ikawekwa kando. Miaka mingi baadaye jamaa yake, DM1, ilifungwa kwenye kingamwili ya trastuzumab, na mwaka 2013 dawa hiyo ikaidhinishwa Marekani kwa jina Kadcyla. Sumu iliyoshindwa ikiwa huru ilifaa ilipofungwa. Kifungo ndicho habari yenyewe, na ‘risasi’ haikitaji kabisa. (Wala sijaona makala ya Kiswahili kuhusu Kadcyla iliyoitaja Shimba Hills. Hilo ni deni jingine.)

Neno ‘kingamwili’ nalo limebebeshwa mengi. Mara ni hiyo protini, mara ni kinga yote ya mwili. Wapo wanaopendelea ‘fingomwili’, kutokana na fingo, kago lililofukiwa ardhini kulinda nyumba au mji. Mimi nalipenda, ingawa najua wako watakaolikwepa kwa kunusa uganga ndani yake.

Lakini lenye uzito zaidi ni mgonjwa anayewekewa fomu ya ridhaa mbele yake. Dawa nyingine ya kundi hili, trastuzumab deruxtecan, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, inaweza kusababisha uvimbe wa mapafu unaoweza kuua. Kikohozi kikavu au pumzi kukatika ni jambo la kumwambia daktari siku hiyo hiyo. Mama aliyeambiwa kwamba risasi inalenga kansa pekee atakihusishaje kikohozi na dawa? Atadhani ni baridi ya Julai, anywe tangawizi, anyamaze.

Napendekeza tuseme ‘kingamwili bebasumu’. Muundo wake si mgeni, maana fundi muashi ana pimamaji yake na hakuna anayeishangaa. Ngeli yake ni I-ZI: kingamwili bebasumu hii, kingamwili bebasumu hizi.

Nimeshaambiwa na mhariri mmoja kwamba ‘sumu’ itawatisha wagonjwa. Ati? Waswahili hawa hawa hununua dawa ya mende na dawa ya panya duka lile lile wanakonunua dawa ya kikohozi, na hakuna anayezichanganya. Neno ‘dawa’ katika lugha yetu halijawahi kudai kwamba halidhuru. Tena, anayepokea tiba ya kemikali hajafichwa kwamba itamtoa nywele na kumtapisha, na bado anaiendea. Asiyetaka ‘bebasumu’ basi aandike ‘bebadawa’, mradi ile ‘beba’ ibaki, na sentensi inayofuata iseme ni mzigo gani unaobebwa.