Filamu na Msimulizi Wake: Neno Kutoka Mpakani Busia

Idara zinazofundisha filamu kama sanaa aghalabu huanza na mswada. Mwanafunzi hupewa maneno ya wahusika, huyachambua kwa fani na maudhui kama afanyavyo katika tamthilia, kisha huongezewa habari za kamera, mwanga na uhariri. Njia hii ina faida zake, nami sikusudii kuibeza. Lakini mwanafunzi aliyelelewa Matayos, ambako mji wa Busia umekatwa na mpaka wa Kenya na Uganda, hufika darasani akiijua filamu kwa namna nyingine.

Kwake filamu ni kitu chenye msimulizi. Upande wa Uganda, VJ Jingo na wenzake huweka Kiganda juu ya filamu za kigeni. Upande wa Kenya, DJ Afro hufanya hivyo kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Tanzania nako alivuma Lufufu. Watu hawa hawatafsiri tu. Huwabatiza wahusika majina mapya, hubashiri yatakayotokea, na hutia mzaha hata mahali pa kilio. Mhadhiri husikia kelele zinazoharibu kazi ya mwongozaji. Mimi nasikia fanani akiwa na hadhira yake.

Wala jambo hili si geni. Jaribio la sinema za elimu lililofanyika Vugiri, Tanganyika, kati ya 1935 na 1937, lilitumia picha zisizo na sauti, na maelezo yakarekodiwa katika sahani kwa lugha mbalimbali. Pale msimulizi alikuwa mtumishi wa mwenye filamu; siku hizi filamu ndiyo imekuwa mtumishi wake. Japani nako, enzi za filamu bubu, benshi walisimama kando ya kiwambo wakisimulia, baadhi yao wakivuma kama waigizaji wenyewe, na hakuna aandikaye historia ya sinema ya huko akawaacha.

Pingamizi lenye uzito ni moja tu: ukimya. Mwongozaji anapoukazia kamera uso wa mjane asiyesema neno, ukimya ule ni sehemu ya usanii, na msimulizi asiyejua kunyamaza ameuua. Hapo namhukumu bila huruma. Lakini kumhukumu ni kukiri kwamba kazi yake ina vigezo: kujua pa kuingilia na pa kukatiza, kulinganisha pumzi na uhariri, kumchagulia jambazi lafudhi. Katika *Who Killed Captain Alex?* (2010) ya Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, sauti ya VJ Emmie imo ndani ya filamu inayojulikana ulimwenguni. Anayeizima ili aipate filamu iliyo safi anachambua filamu nyingine.

Basi mtihani usiishie kwenye mswada. Mwanafunzi apewe dakika 10 za filamu moja mara mbili, kwanza kwa sauti yake ya asili, kisha kwa msimulizi, na amnukuu msimulizi huyo neno kwa neno kabla ya kumhakiki. Zana za kazi hiyo, yaani unukuzi, isimu na nadharia ya fasihi simulizi, zimo katika idara za lugha kuliko kwenye vyumba vya kamera. Yule wa Busia ataianza akiwa na lugha tatu masikioni.