Tumsifu Mpigaji kwa Ngoma Yake

Katika kuhakiki sanaa za nchi yetu, mara nyingi twaipima kazi kwa kumtazama aliyeifanya. Mwenye viungo kamili akikosea mapigo, twasema hakujifunza. Mlemavu akikosea, twamshangilia kwa kuwa amejaribu. Shangilio la namna hiyo si heshima, maana kwalo twamwambia kwa upole kwamba hatukutazamia kitu kwake.

Tumchukue Mzee Morris Nyunyusa, mpigaji ngoma mashuhuri aliyekuwa kipofu. Milio ya ngoma zake ilitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania, na mwaka 1970 alizipiga katika maonyesho ya kimataifa huko Osaka, Japani. Msikilizaji aliyefungua redio yake Laela, juu katika uwanda wa Ufipa, hakuyaona macho ya mpigaji. Alizisikia ngoma tu. Naye alisikia nini? Mtu mmoja amezungukwa na ngoma nyingi, kubwa kwa ndogo, kila moja na sauti yake. Nene zashika mwendo, nyembamba zajibizana juu yake. Umbali wa ngoma na ngoma wajulikana na mkono wenyewe, kwa kuwa jicho halisaidii. Mhakiki asemaye kwamba mzee huyu alipiga vizuri ijapokuwa alikuwa kipofu, ameuruka ufundi huo wote.

Wafipa nao wanayo ngoma ya nsimba, ambayo mlio wake mzito hutokana na kigoda kusuguliwa juu ya chungu. Kazi hiyo ni ya mikono na mabega. Kijana ambaye miguu yake haimbebi aweza kuishika sawa na mwenzake, na aweza kuikosea sawa na mwenzake.

Lakini ngoma zetu ni za uwanjani, na hapo ndipo penye shida. Mwanafunzi mlemavu akiachwa kivulini kulinda mikoba wakati wenziwe wanafanya mazoezi, hatutapata kamwe kujua kipaji chake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, wataka mtu huyo apewe nafasi ya kukuza kipaji chake, si kwa faida yake peke yake, bali pia kwa kuitajirisha jamii. Basi, asipokuwamo, hasara ni ya ngoma yenyewe.

Kwa hiyo twawaomba walimu mambo mawili. Kwanza, njia ya kufika uwanjani isawazishwe, na mahali pa mwanafunzi huyo pawe ndani ya duara la wapigaji, si pembeni. Pili, akisha kuketi na chungu chake, asikilizwe kwa makini kama wengine: akipotoa mwendo asahihishwe, na akiupata, asifiwe kwa kuupata.