Askari Aliyekataa Umalkia

Kete nne tu zimebaki ubaoni: wafalme wawili, askari mmoja mweupe na ngome moja nyeusi. Chimbuko la umbo hili ni pambano la sataranji la mwaka 1875 kati ya Fenton na Potter, lililokwisha kwa sare. Mwaka 1895 G. E. Barbier, mwandishi wa safu ya sataranji katika gazeti la Glasgow, alilisuka upya umbo lile akalitoa kama fumbo: Weusi wataokokaje?

Mfalme mweupe yuko b6, mweusi a1, ngome d5. Askari yuko c7. Ngome inamtishia mfalme kutoka d6. Mfalme anashuka b5. Ngome nayo inashuka, inatisha tena. Mfalme b4, tishio. Mfalme b3, tishio. Mara nne sauti ni ileile, kama kibwagizo, hata msomaji anaanza kusinzia. Asisinzie. Mfalme akikimbilia mstari wa c mapema mno, ngome inateremka hadi d1, kisha inamnasa malkia mpya kutoka c1. Kwa hiyo anashuka taratibu mpaka c2.

Hapo kibwagizo kinakatika. Ngome haitishi tena. Inarudi d4, kimya. Kwangu huu ndio mshororo bora wa kazi nzima. Askari akigeuka malkia, ngome inajitoa mhanga pale c4. Malkia akiila, mfalme mweusi hashambuliwi, wala hana pa kukanyaga. Sare.

Ndipo Fernando Saavedra, padri Mhispania aliyeishi Glasgow, mchezaji wa kawaida tu, alipoona kwamba askari anaweza kugeuka ngome badala ya malkia. Ngome haipigi kimshazari, hivyo a2 inabaki wazi na mtego wa sare unakufa. Sasa Weupe wanatishia kuua kutoka a8. Weusi hawana kinga ila a4. Mfalme mweupe anakanyaga b3: anaikabili ngome ile, na papo hapo kifo kingine kinanukia c1. Haya mawili hayazuiliki pamoja.

Katika umbo sioni kete ya ziada wala hatua ya kujaza nafasi. Kasoro iko kwenye jina. Wachezaji duniani huliita fumbo hili kwa jina la Saavedra peke yake, ilhali padri alitoa neno la mwisho tu. Kimya cha d4 na mtego wa sare ni kazi ya Barbier, na haki ingekuwa jina lake litangulie.