Waziri Majivuno na Sikio la Mfalme

Katika vitabu vya Kiswahili ambavyo mkristu afanya vema kuvisoma baada ya Maandiko Matakatifu na Katekisimu, kimojawapo ni kile kidogo cha Shaaban Robert kiitwacho Kusadikika. Mwandishi alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, akafa mwaka 1962. Hakuwa mkristu, alikuwa mwislamu mcha Mungu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1951, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya utawala wa Waingereza. Leo twataka kumtazama mtu mmoja tu wa kitabu hicho, naye ni yule mbaya wake, Waziri Majivuno.

Hadithi yenyewe ni fupi. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Kijana mmoja, Karama, ameshitakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la ajabu: amewafundisha watu elimu ya sheria. Mshitaki ni Majivuno. Karama apata ruhusa ya kujitetea, naye kwa muda wa siku sita aeleza habari za wajumbe sita wa zamani: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Hao walitumwa pande zote, hata Mbinguni na Ardhini, kutafuta mema ya kuifaa nchi yao. Kila mmoja aliporudi, malipo yake yalikuwa kifungo. Mwishowe Karama aachiliwa huru.

Kazi ya Majivuno katika hadithi hii ni kubwa kuliko maneno yake. Asingemshitaki Karama, pasingekuwa na baraza. Na pasingekuwa na baraza, wajumbe wale sita wangalisahauliwa gerezani. Yeye alitaka kufunga kinywa kimoja, kumbe afungua saba. Mkristu hashangai kusikia hayo, maana amesoma habari za Yosefu aliyeuzwa na ndugu zake, na jinsi Mungu alivyogeuza ubaya wao kuwa chakula cha watu wengi wakati wa njaa. Lakini tusikosee: ndugu za Yosefu hawakuwa wafadhili, wala Majivuno si mfadhili. Wema uliotoka katika ubaya wake si mali yake.

Tutazame sasa silaha yake. Majivuno haji na upanga. Aja na mashitaka, tena mbele ya baraza halali. Hadai haki yake mwenyewe. Ajifanya mlinzi wa nchi na wa desturi zake. Hapo ndipo Shaaban Robert alipoona mbali. Mwizi wa usiku humtisha mtu mmoja na nyumba yake. Mshitaki mwongo huwafanya watu wote wa baraza kuwa mikono yake, nao huenda kulala wakidhani wametenda haki.

Hata hivyo, tuna neno la kumlaumu mwandishi. Tulipokisoma kitabu hiki pamoja na vijana wa parokia, mmoja wao aliuliza: "Mwalimu, kama mtu huyu asingeitwa Majivuno, tungemjua?" Hatukuwa na jibu siku ile. Kweli, katika Kusadikika kila mtu amevaa tabia yake kama jina. Msomaji asikiapo "Majivuno", amekwisha kumhukumu kabla hajasema lolote. Basi msomaji atenda kosa lile lile la baraza la Kusadikika: atoa hukumu kabla ya kusikiliza. Tofauti ni kwamba safari hii amebahatika kusema kweli.

Tulinganishe na Hamani wa Kitabu cha Esta. Huyo naye alikuwa mkubwa kuliko wakuu wote wa mfalme, naye aliwashitaki wasio na kosa. Lakini Maandiko hayampi jina la kumfichua. Yatuonyesha jinsi chuki ilivyozaliwa. Mordekai hakumwinamia, Hamani akaona uchungu, akaenda kwa mfalme na kusema juu ya taifa fulani lenye sheria zake za pekee, wala hakulitaja kwa jina. Kidonda kilikuwa cha mtu mmoja, mashitaka yakawa ya nchi nzima. Vivyo hivyo wale wazee wawili waliomshitaki Suzana katika Kitabu cha Danieli: watu waliwaamini kwa sababu walikuwa wazee na waamuzi. Hawakuitwa Bwana Tamaa na Bwana Uongo. Laiti wangeitwa hivyo, Danieli asingekuwa na kazi. Hapo twamjua mbaya kwa njia ndefu, na njia hiyo yatufundisha. Kwa Majivuno hatuonyeshwi kidonda. Jina lake lashika mahali pa moyo wake.

Wengine watamtetea mwandishi kwamba ndiyo desturi ya hadithi za mafumbo, na kwamba mwaka 1951 mtumishi wa serikali ya kikoloni hakuweza kuwataja wakubwa ila kwa kuiweka nchi yao angani. Twaikubali hoja hiyo. Lakini yaeleza tu kwa nini nchi ilifichwa. Haielezi kwa nini moyo wa mtu ulifichwa.

Walakini, tulipokisoma mara ya pili tuliona jambo lililotupita mara ya kwanza. Wajumbe sita walifungwa kabla ya kesi ya Karama. Je, ni Majivuno peke yake aliyewafunga? Hapana. Palikuwa na mfalme, palikuwa na baraza, palikuwa na nchi nzima iliyonyamaza. Ubaya wa Kusadikika haukukaa katika kinywa cha waziri tu. Ulikaa pia katika sikio lililosikia upande mmoja. Na dawa ni nini? Mwandishi hatuletei radi ya kumpiga Majivuno. Atuletea siku sita za kusikiliza. Mfalme akaa, asikia, kesho akaa tena. Sikio lilipopona, mshitaki alikosa nguvu. Hili ndilo jambo bora katika kitabu chote, na kwa ajili yake twamsamehe mwandishi lile kosa la majina.

Sisi wa Butembo na Beni hatuhitaji kwenda angani kuitafuta nchi hiyo. Wazee wetu wamkumbuka Askofu Emmanuel Kataliko, mchungaji wa jimbo letu tangu 1966 hata 1997, kisha Askofu Mkuu wa Bukavu. Katika barua yake ya Noeli ya mwaka 1999 alisema waziwazi juu ya vita na unyang'anyi wa mali ya nchi. Tarehe 12 Februari 2000 waasi waliotawala Bukavu walimzuia asirudi kwenye kiti chake, akakaa Butembo kama mhamishwa hata Septemba. Alirudi Bukavu, akafa Roma tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule. Yeye hakupewa siku sita za kujieleza. Alihesabiwa mchochezi, kama Karama, kwa kuwaambia watu haki yao.

Lakini wabaya wengine hawana cheo wala jina. Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 hata Juni 2020, uvumi ulitembea katika mitaa yetu kwamba ugonjwa ni biashara, na kwamba waganga ndio walioleta kifo. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni aliyekuja kutusaidia, aliuawa mjini Butembo. Nani alikuwa Majivuno katika uvumi ule? Hatuwezi kumwonyesha kwa kidole. Alikuwa katika kila kinywa kilichorudia neno bila kuuliza, na katika kila sikio lililolipokea. Vivyo hivyo katika upande wa Beni, tangu mauaji ya Oktoba 2014, hofu imekuwa kubwa, nayo ina haki ya kuwa kubwa. Lakini mahali penye hofu, neno "huyu ashirikiana na wauaji" laweza kumwua mtu kabla ya jua kutua.

Wala tusidhani kwamba sisi wa kanisani tu salama. Siku moja katika shirika letu mama mmoja mjane alisemwa kwamba anamloga mtoto wa jirani. Msemaji aliongea kwa upole, akitaja amani ya shirika na usalama wa watoto. Mama yule hakuwapo, wala hakuna aliyesema aitwe. Sisi, tuliosoma seminarini na kufundisha amri ya nane kila mwaka, tulikuwa tumeketi pale pale, tukanyamaza. Mama yule alihama mtaa. Tulipomsoma Majivuno tulimchukia sana. Baadaye tulikumbuka kwamba siku ile kiti chetu kilikuwa kile cha baraza la Kusadikika.

Ndiyo sababu twakisifu kitabu hiki, ingawa mbaya wake amechorwa kwa mstari mmoja. Atakayekisoma ili kumchukia Majivuno atapata faida ndogo, maana kumchukia mtu mwenye jina hilo ni rahisi. Atakayekisoma akimtazama mfalme na baraza lake atapata faida kubwa. Nikodemu, katika Injili ya Yoane, aliwauliza wenzake kama sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikia, wakamdhihaki. Swali lake lingali latungoja. Basi, ndugu, katika mkutano ujao wa shirika, mtu akisemwa naye hayupo, mmoja wetu na ainuke na kusema: Aitwe kwanza.