Mizani ya Baraza na Msimu Usiochezwa Bado

Miezi ya Julai na Agosti, wakati viwanja vimenyamaza na dirisha la usajili li wazi, ndiyo miezi ambayo kandanda ya Tanzania huchezwa kwa ulimi. Kariakoo, baina ya mtaa wa Msimbazi walipo Simba na pande za Jangwani walipo Yanga, watu wazima wenye kazi na heshima zao huketi barazani kwa kahawa na kuuhukumu msimu ambao mpira wake wa kwanza haujapigwa, kila mmoja akiwa na hoja zake, na kila hoja ikiwa na mashahidi wake. Siyadharau mabishano hayo hata kidogo, kwani ndani yake mna kumbukumbu iliyo kubwa kuliko ya vitabu, na mna mapenzi ambayo vilabu hivi viwili, vilivyozaliwa katika miaka ya 1930, visingeishi bila ya hayo. Lakini mapenzi yanastahili mizani ya haki, na kwa maoni yangu mizani ya baraza aghalabu huwekewa mawe yasiyo yake. Nitalithibitisha jambo hilo kwa msimu mmoja, ule wa 2021/22, ambao Yanga iliumaliza katika Ligi Kuu bila ya kufungwa hata mara moja, na ambao dalili zake zilikuwa zimewekwa mezani kabla haujaanza.

Tuitazame kwanza hali ilivyokuwa Julai 2021. Simba ilikuwa imetwaa taji la nne mfululizo, kwa pointi 83 katika michezo 34, nayo Yanga ilikuwa ya pili kwa pointi 74, ikiwa haijaonja ubingwa tangu msimu wa 2016/17. Ni kweli kwamba tarehe 3 Julai Yanga ilimfunga mtani wake bao moja, la Zawadi Mauya, na shangwe ikawa kubwa. Lakini kabla mwezi haujaisha Simba ililipiza katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania mjini Kigoma, kwa bao moja la Taddeo Lwanga. Basi baraza likagawanyika kama ada yake. Wekundu wa Simba wakasema kwamba pengo la pointi tisa halizibwi kwa msimu mmoja; na hata ilipokuja habari ya Agosti kwamba Clatous Chama amekwenda RS Berkane na Luis Miquissone amekwenda Al Ahly, jibu lao lilikuwa tayari: John Bocco, mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16, yupo, na Chris Mugalu, aliyemfuata kwa mabao 15, yupo pia. Mabao 31 yamebaki Msimbazi, walisema, na anayetaka ubingwa ayatafute yake. Wananchi, yaani watu wa Yanga, nao walijibu kwa majina ya wageni wao: Fiston Mayele na Djuma Shabani kutoka AS Vita ya Kinshasa, Yannick Bangala kutoka Morocco, Khalid Aucho wa Uganda aliyekuwa akicheza Misri, na Djigui Diarra, mlinda mlango wa Mali.

Angalia jinsi hoja za pande zote mbili zilivyofanana. Huyu alihesabu wafungaji waliobaki, yule alihesabu majina yaliyoingia, na wote wawili waliamini kwamba msimu ni jumla ya watu. Ndipo Septemba ikaja na msiba wake. Rivers United ya Nigeria iliifunga Yanga bao moja Dar es Salaam na bao jingine moja kwao, ikaitoa katika hatua ya awali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na baadhi ya wale wale waliokuwa wameimba majina ya wageni wakaanza kudai kwamba usajili wote umekuwa hasara. Wiki moja haikupita ila Mayele alikuwa ameifunga Simba bao pekee katika Ngao ya Jamii, na hukumu ikageuka tena. Hukumu mbili zinazopingana, zilizotolewa kwa yakini sawasawa ndani ya siku chache, ni ushahidi tosha kwamba kitu kilichokuwa kikipimwa hakikuwa nguvu ya timu, bali joto la mchezo wa mwisho.

Mimi ningeanzia pahali pengine, pahali pakavu pasipo na shangwe: katika msimamo wa ligi uliokwisha. Yanga ya 2020/21 ilishinda michezo 21, ikatoka sare 11, ikafungwa miwili tu. Yaani timu iliyoachwa kwa pointi tisa haikuwa timu iliyokuwa ikifungwa. Vichapo viwili viliigharimu pointi sita, na sare kumi na moja ziliigharimu pointi 22. Aliyetaka kujua kama Yanga itakuwa bingwa mwaka unaofuata hakuwa na haja ya kuuliza kama itaweza kumfunga Simba, kwa sababu ilikwisha kumfunga. Wala kama itaacha kufungwa, kwa kuwa kufungwa kwake kulikuwa nadra. Swali lilikuwa moja: je, wale waliosajiliwa, na yule mwalimu Nasreddine Nabi wa Tunisia aliyeanza kazi Aprili, wana tadbiri gani ya kuzigeuza sare kuwa ushindi?

Sare katika ligi yetu haiji kwa bahati. Huja timu kubwa inaposafiri kwenda Mbeya, au Kagera, au Lindi, ikakuta uwanja ambao mpira hauteremki kwa utulivu, na mwenyeji aliyejaza watu kumi nyuma ya mpira, ambaye hana tamaa ya ushindi ila ana subira ya kungoja kosa moja. Timu kubwa hupata bao la mapema ikalilinda vibaya, au hulikosa ikaanza kupiga mipira mirefu kwa pupa, ikaacha uwazi baina ya mabeki na viungo, na mwenyeji akapata shambulio moja lililotosha. Kwa hiyo dawa ya sare ni mbili, na hakuna kati yake inayoitwa kwa jina la mshambuliaji. Ya kwanza ni kutofungwa kabisa, ili bao moja, liwe la kona, la penalti au la mpira wa adhabu, litoshe kuwa pointi tatu. Ya pili ni kumiliki dimba la kati kwa dakika tisini bila ya kuchoka wala kuhamaki, hata subira ya mwenyeji iishe kabla ya subira yako.

Tukirudi sasa kwenye orodha ile ya wageni, tunaona kwamba majina yaliyosemwa kwa sauti ya chini ndiyo yaliyokuwa na maana zaidi. Diarra hakuwa mlinda mlango wa kuokoa tu. Miguu yake ilikuwa kama ya kiungo, na kwa kuwa aliweza kuuanza mchezo kwa pasi, mpinzani aliyetaka kujificha alilazimika ama kumfuata, na kufungua uwazi nyuma yake, ama kumwacha, na kuipa Yanga mtu wa ziada. Mbele yake walisimama Bakari Mwamnyeto na Dickson Job, mabeki wa nyumbani ambao klabu ilikuwa nao tayari. Aucho alikaa mbele ya mabeki hao, akikata mashambulizi kabla hayajapata jina la shambulio, na akiutoa mpira kwa haraka na kwa usahihi. Djuma Shabani alipanda upande wa kulia kama winga na kurudi kama beki. Naye Bangala, ambaye nathubutu kusema kwamba ndiye usajili bora wa mwaka ule, alikuwa na uwezo wa kucheza beki wa kati na kiungo mkabaji kwa ubora ule ule, hata Nabi akapata fursa ambayo walimu wengi huitamani: kuubadili mfumo wa timu katikati ya mchezo bila ya kumtoa mchezaji hata mmoja. Mbele yao Feisal Salum, kijana wa Zanzibar, alikuwa huru kuusogelea wigo wa penalti kwa sababu alijua nyuma yake pana watu.

Sisemi kwamba Mayele hakuwa kitu. Mabao yake 16 yalikuwa ya thamani kubwa, na mengi yake yalifungwa pale ambapo nafasi ilikuwa moja tu. Lakini insafu inatutaka tukumbuke kwamba mfungaji bora wa msimu ule hakutoka Jangwani wala Msimbazi; alikuwa George Mpole wa Geita Gold, kwa mabao 17. Na tuzo ya mchezaji bora wa ligi ilikwenda kwa Bangala, mtu ambaye kazi yake haikuwa kufunga.

Upande wa Simba somo lilikuwa hilo hilo, ila lilisomwa kwa uchungu. Wafungaji walibaki kweli, lakini waliowalisha walikuwa wameondoka. Chama alikuwa ndiye mwenye jicho la kuipata pasi ndani ya msitu wa miguu, na Miquissone ndiye aliyeweza kumpita beki wake mtu kwa mtu na kuuvunja ukuta pasipo msaada. Na dhidi ya timu zilizojifungia nyuma, hizo ndizo funguo mbili ambazo Simba ilikuwa imezoea kuzitumia. Zilipokosekana, Bocco na Mugalu walibaki wakingoja mipira isiyofika, na mabao yao yakapungua mno. Chama alirejea Januari, lakini ligi ilikwisha kuchukua mkondo. Juu ya hayo mwalimu Didier Gomes aliondoka Oktoba, baada ya Jwaneng Galaxy ya Botswana kuja Dar es Salaam ikiwa nyuma kwa mabao mawili na kushinda tatu kwa moja, na Pablo Franco aliyemfuata alilazimika kujenga nyumba huku watu wamo ndani wanalala.

Mwisho wa michezo 30, maana ligi ilikuwa imepunguzwa na kuwa ya timu 16, Yanga ilikuwa na ushindi 22, sare 8, na kichapo hakuna: pointi 74. Tarakimu hiyo ni ile ile ya mwaka uliotangulia, lakini ilipatikana kwa michezo minne pungufu. Simba ilikuwa na 61. Na mashabiki wanaoamini kwamba ubingwa huamuliwa siku ya watani watafakari hili: michezo yao miwili ya ligi msimu ule ilikwisha sare tasa, yote miwili. Katika pengo la pointi 13 hapana hata pointi moja iliyopatikana katika siku zile mbili zilizoliwa na maneno kuliko siku nyingine zote za mwaka.

Kuna hoja moja ya kuipinga hii yangu, nayo ni nzito, sharti ijibiwe. Yasemekana kwamba Rivers United iliifanyia Yanga hisani bila ya kukusudia, kwa kuwa iliiacha ibaki nyumbani na ligi yake, ambapo Simba ilicheza michezo 12 ya Afrika, tangu Jwaneng Galaxy mpaka ilipotolewa na Orlando Pirates kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Yanga ilicheza miwili tu. Miguu huchoka, na safari za ndege hazina huruma kwa misuli. Nakiri kwamba ratiba ilikuwa na sehemu yake, na kwa msimu ule mmoja pekee asingeweza mtu kuitenganisha sehemu hiyo na zile nyingine.

Lakini msimu uliofuata uliitenganisha. Katika 2022/23 Yanga ilicheza michezo 18 ya Afrika, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho na kulikosa kombe mbele ya USM Alger kwa sheria ya bao la ugenini tu, baada ya kufungwa mbili kwa moja Dar es Salaam na kushinda moja bila Algiers. Na bado ilitwaa ubingwa wa ligi. Mwezi wa Novemba 2022 Ihefu iliifunga mbili kwa moja na kuukata mwendo wa michezo 49 ya ligi bila ya kufungwa, na wengi wakasema kwamba sasa ukuta umevunjika. Aprili 2023 Simba nayo ikaifunga mbili bila. Basi Yanga ilifungwa mara mbili, na Simba msimu wote ilifungwa mara moja tu, na Azam. Anayehesabu vichapo angelipeleka taji Msimbazi. Ila Simba ilitoka sare saba, na Yanga sare tatu. Na pointi zikawa 78 kwa 73. Kutoka sare kumi na moja, hadi nane, hadi tatu: hiyo ndiyo kazi ya Nabi kwa Jangwani, na haikuimbwa hata mara moja katika nyimbo za jukwaani.

Ilipofika Julai 2023 Nabi alikuwa ameondoka, na Mayele akauzwa Pyramids ya Misri akiwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho kwa mabao saba. Kahawa ilimwagwa tena na kilio kilikuwa kimoja: nani atayafunga mabao ya Mayele? Wachache waliuliza nani amebaki langoni na katikati. Diarra alibaki, Aucho alibaki. Akaja Miguel Gamondi wa Argentina, akaukuta msingi umekauka, na Novemba Simba ikafungwa tano kwa moja. Taji la 2023/24 halikuhama Jangwani, na mfungaji bora wa ligi, kwa mabao 21, alikuwa Stephane Aziz Ki wa Yanga, ambaye ni kiungo.