Uso wa Dakar, Sauti ya Haiti: Mbissine Thérèse Diop na Umiliki wa Sauti katika Filamu ya La Noire de…

Ikisiri

Mbissine Thérèse Diop, mwigizaji kutoka Senegal, anakumbukwa zaidi kwa uhusika wa Diouana katika filamu ya Ousmane Sembène iitwayo La Noire de… (1966). Hata hivyo, sauti inayosikika kuwa ya Diouana si yake, bali ni ya Toto Bissainthe, mwigizaji wa Haiti. Makala haya yanachunguza maana ya utengano huo wa mwili na sauti. Yanajadili muundo wa anwani ya filamu, tukio la barua, na uigizaji wa Diop usiotegemea maneno. Hoja kuu ni kwamba filamu inamlaumu anayeandika barua kwa niaba ya mwingine ilhali yenyewe inafanya tendo hilohilo, na kwamba mgongano huo unawalazimu wahakiki kupima upya kazi ya mwigizaji aliyebeba uhusika huo kwa mwili wake.

1.0 Utangulizi

Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, alimwandika msanii ambaye wengi katika Afrika Mashariki walimjua kwa sauti bila ya kumwona. Santuri zilizorekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928 zilimfikisha Siti katika baraza na nyumba ambazo mwenyewe hakuwahi kuzikanyaga. Sauti ilitangulia, sura ikafuata, na pengine sura haikufika kabisa.

Kwa Mbissine Thérèse Diop mambo yalikuwa kinyume. Uso wake umeonekana katika kumbi za Carthage, Paris na kwingineko kwa zaidi ya nusu karne, lakini mtazamaji wa filamu iliyompa jina hajamsikia akisema. Tofauti hii haina budi kuwashughulisha wanafasihi, kwa sababu uhakiki wa filamu hii umezoea kumwita Diouana mhusika asiye na sauti. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inachanganya mambo mawili: ukimya wa mhusika katika nyumba ya waajiri wake, na kutosikika kwa mwigizaji katika filamu yenyewe. La kwanza ni dhamira. La pili ni uamuzi wa uzalishaji. Mambo hayo yakichanganywa, sifa yote ya ukimya ule humwendea mwongozaji, na mwigizaji hubaki kuwa picha tu.

2.0 Mshonaji Aliyekuwa Mwigizaji

Kabla ya filamu hiyo Diop alikuwa mshonaji wa nguo mjini Dakar, huku akihudhuria masomo ya uigizaji jioni. Hakuwa mwigizaji wa kulipwa mwenye jina. Sembène naye, ingawa alikwisha kujulikana kwa riwaya zake na filamu fupi, alikuwa akitengeneza filamu yake ndefu ya kwanza. Chanzo chake kilikuwa hadithi fupi iliyomo katika mkusanyiko wake wa Voltaïque (1962), nayo ilitokana na habari ya gazetini kuhusu kifo cha mtumishi wa nyumbani kutoka Afrika katika pwani ya kusini ya Ufaransa.

Kisa ni chepesi kukisimulia. Diouana anaajiriwa Dakar na familia ya Kifaransa ili alee watoto wao. Familia inaporudi Antibes, anaitwa kuifuata. Huko hawakuti watoto wa kulea: anakuta jiko, bafu na sakafu. Kwa maneno ya Kiswahili, ameondoka nyumbani akiwa yaya, akafika ugenini akawa mtumishi wa kila kazi. Mwisho wake ni kujiua bafuni mwa waajiri wake.

Filamu hiyo, yenye urefu wa takriban saa moja, ilipata Tuzo ya Jean Vigo na Tanit ya Dhahabu katika tamasha la kwanza la Carthage, zote mwaka 1966. Tangu hapo imekuwa nguzo ya historia ya sinema ya Afrika kusini mwa Sahara. Katika historia hiyo Sembène huitwa baba wa sinema hiyo, lakini mwanamke ambaye karibu kila picha ya filamu inamhitaji hutajwa kwa sentensi moja, au kwa mabano.

3.0 A-unganifu Isiyo na Tamati

Anwani ya filamu inastahili kusomwa kisarufi. Kwa Kifaransa inaishia kwenye kihusishi de na kufuatiwa na nukta tatu. Tafsiri ya Kiingereza, Black Girl, imekiondoa kihusishi hicho na kuligeuza jina la uhusiano kuwa jina la aina ya mtu. Kiswahili kina uwezo wa kuuhifadhi muundo wa asili kwa a-unganifu: Mwanamke Mweusi wa… Kinachopotea ni kwamba Kifaransa hubeba jinsia ndani ya neno noire lenyewe, ilhali Kiswahili hakina budi kuongeza nomino.

Kinachopatikana ni kikubwa zaidi. A-unganifu ya Kiswahili huonyesha asili (mtu wa Tanga), umiliki (ng'ombe wa Juma), na hata sifa (mwanamke wa shoka). Nukta tatu zinaziacha maana hizo zote wazi. Diouana anaianza safari akiwa mwanamke wa Dakar. Katika nyumba ya Antibes anageuzwa kuwa mwanamke wa Bibi na Bwana, na hao wawili hawana majina mengine katika filamu. Swali la filamu, basi, liko katika kiambishi kimoja: huyu ni wa nani?

Swali hilohilo linaweza kuulizwa kuhusu sauti. Sauti inayosikika tunapomtazama Diouana ni ya nani?

4.0 Barua Isiyo Yake

Filamu ilipigwa bila ya kurekodi mazungumzo papo hapo, na sauti zikatiwa baadaye. Waigizaji wa Kizungu waliocheza Bibi na Bwana nao walitiwa sauti za watu wengine. Kwa hiyo haitakuwa haki kudai kwamba Diop alitengwa peke yake. Hata hivyo uzito wa tendo hilo haulingani. Kwa Bibi na Bwana, Kifaransa kilipokewa na Kifaransa, na maneno yenyewe ni ya mazungumzo ya kawaida. Kwa Diouana, kinachotiwa ni uzungumzinafsia wote: kumbukumbu, hasira, hesabu ya udhalilifu wake. Mdomoni anajibu kwa maneno machache ya utii, lakini moyoni anafikiri kwa Kifaransa fasaha kinachotamkwa na Bissainthe.

Sababu za kiuchumi zinajulikana. Ofisi ya Filamu ya Wizara ya Ushirikiano ya Ufaransa iliukataa muswada wa filamu hii, na mfumo wa uzalishaji wa Ufaransa uliipa lugha ya Kifaransa nafasi ya sharti. Miaka miwili baadaye, katika Mandabi (1968), Sembène aliwapa wahusika wake Kiwolof, ingawa alilazimika kutengeneza na toleo la Kifaransa. Wahakiki wengi husimama hapo: Kifaransa cha Diouana ni alama ya ukoloni uliobaki katika mkoba wa fedha.

Maelezo hayo ni sahihi lakini hayatoshi, kwa kuwa filamu yenyewe inalo tukio linalolijadili suala hili. Barua inafika kutoka kwa mama yake Diouana. Diouana hajui kusoma, hivyo Bwana anaisoma kwa sauti: ni malalamiko ya mama ambaye hajapata habari wala fedha. Kisha Bwana anachukua kalamu ili amjibie. Diouana amenyamaza, naye anaendelea kutunga majibu ya mtu asiyemwuliza. Diouana anaichukua barua na kuichana. Sauti ya ndani inatueleza kwamba hiyo si barua yake.

Kinaya cha tukio hili hakijapewa uzito unaostahili. Anayetangaza kwamba maneno yaliyoandikwa kwa niaba yake si yake ni mhusika ambaye tangazo hilohilo limesemwa kwa niaba yake. Bwana anaandika barua ya Diouana, na mwongozaji anaandika mawazo yake na kuyatia kinywani mwa mwanamke wa tatu. Zaidi ya hayo, Sembène mwenyewe amejitokeza katika filamu, upande wa Dakar, akiwa mwalimu na mwandishi wa barua za watu wasiojua kuandika. Hapana haja ya kubahatisha nia yake. Inatosha kuona kwamba filamu imemweka msanii katika kazi ileile ambayo imetuonyesha hatari yake.

Ulinganisho na Afrika Mashariki unasaidia hapa. Wasimulizi wa filamu wa Tanzania, akiwamo Lufufu aliyevuma katika vibanda vya video, hutia Kiswahili juu ya filamu za kigeni. Mtazamaji wa kibandani hadanganyiki: anajua kwamba anayesema si anayeonekana, na hulipia burudani ya kuwasikia wote wawili. Mshono uko wazi. Katika La Noire de… mshono umefichwa: sauti imetolewa ili iaminiwe kuwa imetoka katika kifua kinachoonekana. Kuufumua mshono huo si kumshusha Bissainthe. Yeye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kundi la maigizo la Les Griots mjini Paris mwaka 1956, na baadaye akavuma kwa nyimbo za Kikrioli cha nchi yake. Ni kukiri kwamba Diouana ni kazi ya wanawake wawili, na kila mmoja anadai sehemu yake.

5.0 Mwili Unaosema

Sehemu ya Diop ni ipi? Jibu limo katika mambo ambayo sauti haiyagusi. Diouana anafika Antibes amevaa vizuri, na anaendelea kufanya kazi za nyumba akiwa na gauni la madoadoa na viatu vya mchuchumio. Bibi anamfunga aproni, na baadaye anamwamuru avue viatu. Diop halichezi tukio hilo kwa kilio. Anavua viatu na kuendelea na njia yake, mgongo ukiwa umenyooka. Mtazamaji anaelewa kwamba amri imetekelezwa na utii haujatolewa. Ufundi huo hauwezi kutiwa baadaye chumbani.

Mfano wa pili uko Dakar. Katika kumbukumbu ya siku za matumaini, Diouana anapanda juu ya mnara wa mashujaa wa vita na kurukaruka, huku mpenzi wake akimhimiza ashuke. Wepesi wa miguu yake pale ndio kipimo cha uzito wa hatua zake Antibes. Bila ya Diop kuzitofautisha hatua hizo, masimulizi ya kurudi nyuma yangekuwa habari tu.

Mfano wa tatu ni kinyago. Diouana alikitoa zawadi kwa waajiri wake wakiwa Dakar, nao wamekitundika peke yake kwenye ukuta mweupe. Anapokidai tena, yeye na Bibi wanakivutana. Neno halihitajiki: mikono inalijibu swali la anwani. Kinyago ni cha aliyekitoa, na aliyekitoa si wa mtu. Baada ya kifo chake, Bwana anakipeleka Dakar pamoja na fedha. Mama anazikataa, na mtoto anakivaa kinyago na kumfuata Bwana hadi anakimbia. Mama na mtoto wanaendeleza kwa vitendo lugha ambayo Diop ameifundisha filamu.

Pingamizi moja linafaa kujibiwa. Yawezekana kusema kwamba bila ya uzungumzinafsia wa Kifaransa, Diouana angebaki fumbo, na hadhira ya Ufaransa ingemwona kama Bibi alivyomwona. Hilo ni kweli. Sauti ilimpa Diouana akili ambayo waajiri wake walimnyima. Lakini akili hiyo inaaminika kwa sababu macho ya Diop yamekwisha kuionyesha. Maneno yanafuata pale ambapo uso umefungua njia.

6.0 Baada ya Diouana

Orodha ya kazi za Diop katika sinema ni fupi. Alionekana katika Emitaï (1971), pia ya Sembène, ambamo wanawake wa Casamance wanakataa kutoa mpunga wao kwa jeshi la kikoloni, na lugha inayotawala ni Kijola. Miongo mingi baadaye alicheza uhusika wa shangazi katika Mignonnes (2020) ya Maïmouna Doucouré, filamu inayohusu msichana wa familia ya Kisenegali mjini Paris. Ufupi huo haupaswi kusomwa kama upungufu wa kipaji. Sinema changa ya Afrika iliwapa waigizaji wake nyuso maarufu bila ya kuwapa ajira ya kudumu.

Kati ya 1966 na 2020 kuna mabadiliko yenye maana. Katika filamu ya kwanza, Diop ni kijana aliyefika Ufaransa bila ya kuwa na sauti yake. Katika Mignonnes ni mwanamke mzima anayeishi Paris, mshika mila, anayemfunda msichana, na anayesema kwa kinywa chake. Mtazamaji anayezijua filamu zote mbili anamsikia kwa mara ya kwanza mtu aliyemfahamu kwa miaka mingi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba utengano wa mwili na sauti katika La Noire de… si jambo la kiufundi lililo nje ya maana ya filamu. Ndio suala lake kuu, lililojificha katika uzalishaji wake. Kumwita Diouana asiye na sauti bila ya kuuliza sauti ya nani ilitumika ni kuirudia kazi ya Bwana na kalamu yake. Uhakiki wa Kiswahili, ambao ulianza kumtambua msanii wa kike kwa wasifu wa aliyesikika, una nyenzo za kumtambua na aliyeonekana. Hatua ya kwanza ni ndogo: kila panapoandikwa "Diouana wa Sembène", iandikwe pia "wa Diop" na "wa Bissainthe". Nukta tatu za anwani zina nafasi ya kuwatosha wote.