Makali ya Kalambo

Ufipa tunajivunia wafua chuma wetu. Kuanzia Mollo hadi Nkasi bado husimuliwa habari za malungu, yale matanuri ya udongo marefu kumpita mtu, ambamo Wafipa waliyeyushia chuma. Sifa hiyo ni haki yao. Lakini katika eneo letu upo ufundi uliowatangulia kwa mamia ya maelfu ya miaka, na mafundi wake hawakujua chuma wala udongo wa kuchoma. Walijua mawe.

Ushahidi uko Kalambo, mpakani na Zambia, mto unapoporomoka zaidi ya mita 200 ukielekea Ziwa Tanganyika. Mwaka 1953 mwanaakiolojia J. Desmond Clark aligundua kwamba tope la bonde lililo juu ya maporomoko lilikuwa limefukia mashoka ya mkono, mapande mazito yenye makali mapana, na vigae vya mawe vilivyobanduliwa kwa makusudi.

Ukilitazama shoka la mkono kwa haraka, utadhani ni jiwe lililovunjika tu. Litazame taratibu. Kila kovu usoni mwake ni pigo moja, na kila pigo lilikuwa uamuzi. Fundi alianza kwa kuchagua: jiwe gumu, lenye chembe ndogo, lisilo na ufa ndani. Kisha akashika jiwe jingine la mviringo la kupigia, akalenga karibu na ukingo, mahali penye pembe kali. Akipiga katikati, nguvu humezwa na jiwe. Akipiga legevu, ufa huishia njiani na kuacha kidato kitakachokwamisha mapigo yanayofuata. Akipatia, kigae chembamba hubanduka upande wa chini, kikiwa na kinundu kidogo pale nguvu ilipoingilia, na makali yake hukata nyama papo hapo.

Hapo ndipo fundi aligeuza jiwe. Kovu alilotoka kuliacha likawa uwanja wa pigo la upande wa pili. Akaenda hivyo, huku na huku, mpaka nyuso mbili zikakutana kwenye ukingo mmoja, ncha ikatokeza na kitako kikaenea kiganjani. Kipande kilichobanduka kwenye jiwe hakirudi, kwa hiyo kila mara ilimbidi afikirie mapigo mawili au matatu ya mbele. Umbo lilitangulia kichwani, mkono ukalifuata.

Kwa kawaida hadithi huishia hapo, kwa sababu jiwe hudumu na kazi iliyofanywa kwa jiwe huoza. Kalambo ilitunza vyote viwili. Maji yaliyojaa ardhini yalizuia hewa, na mti haukuoza. Mwaka 2019 kikundi kilichoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool kilifukua, upande wa Zambia, magogo mawili yaliyopandana. La juu, lenye urefu unaokaribia mita moja na nusu, lilikuwa limechongwa ncha zake na kukatwa pengo kwa chini ili likae juu ya mwenzake bila kuteleza. Alama za kukata na kukwangua bado zinaonekana. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023: magogo hayo yana umri wa miaka 476,000 hivi. Kwa kulinganisha, mifupa ya kale zaidi ya binadamu wa aina yetu inayojulikana ina miaka kama 300,000.

Seremala wa leo angeitambua kazi hiyo mara moja. Kuunga magogo mawili kwataka kupima, kukata kidogo, kujaribisha, kukata tena. Na mtu anayejenga namna hiyo ana nia ya kukaa mahali, au walau kuparudia.

Ndiyo maana nasikitika nikiona Zama za Mawe zikifundishwa kwa orodha ya kukariri: Olduvai, Isimila, Kalambo. Mwanafunzi wa Sumbawanga apewe jiwe la kupigia na jiwe la kupigwa, avae miwani ya kukinga macho, ajaribu kubandua kigae kimoja tu. Atakosea mara nyingi kabla hajapatia, na katika kukosea huko atajifunza kwamba watu wale walikuwa mafundi, wenye subira na akili ya mbele, waliostahili heshima tunayowapa wafua chuma wetu.